Kimbunga hakisubiri zabuni: ukanda wetu ununue meli gani ya maafa?

Usiku wa kuamkia Machi 15, 2019, kimbunga Idai kiliingia nchi kavu karibu na Beira, mji wa bandari katikati ya Msumbiji. Kulipokucha umeme ulikuwa umekatika, simu zimenyamaza, na barabara ya N6 inayouunganisha mji huo na bara imeliwa na maji. Siku zilizofuata mito ya Buzi na Pungwe ilifurika, watu wakapanda juu ya mapaa na miti na kukaa huko wakisubiri wa kuwatoa. Msumbiji peke yake ilipoteza zaidi ya watu 600. Ukijumlisha na Zimbabwe na Malawi, waliokufa walipita 1,000.

Miongoni mwa wageni wa kwanza kufika kwa njia ya bahari walikuwa mabaharia wa India. Meli zao tatu, INS Sujata, INS Shardul na ICGS Sarathi, zilikuwa za kikosi cha mafunzo chenye makao yake Kochi, zimebeba wanafunzi wanaosomea uofisa. Hazikuwa zimeondoka nyumbani kwa ajili ya Idai. Zilikuwa safarini katika bahari yetu, zikaombwa kugeuza njia, zikageuza. Zilishusha chakula, dawa, nguo na maji ya kunywa. Madaktari wao walifungua kambi za matibabu, na helikopta ndogo aina ya Chetak ikawa inakwenda na kurudi Buzi, ikitoa watu na kudondosha vifurushi vya chakula.

Msaada ule ulikuwa wa heri na unastahili shukrani. Lakini ulifika haraka kwa sababu meli za watu wengine zilitokea kuwa karibu. Tanzania ilituma dawa na chakula, na mataifa mengine ya kusini yalituma helikopta na wanajeshi. Kitu ambacho ukanda huu haukuwa nacho, na hadi leo hauna, ni meli yake ya pamoja iliyowekwa tayari kwa kazi hiyo, yenye mabaharia waliokwisha kuifanyia mazoezi. Wiki sita baadaye, Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipiga Komoro na kuingia Cabo Delgado, na Mtwara ikakaa roho juu. Mwaka 2023 alikuja Freddy. Desemba 2024 kilikuwa Chido, kilichoiharibu Mayotte kisha kikavuka kwenda Msumbiji. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika hadi pwani ya Tanzania. Anayedhani vimbunga ni shida ya Madagaska peke yake hajatazama ramani siku za karibuni.

Kwa hiyo tuizungumze meli yenyewe. Nchi zetu hazina fedha za kuchezea. Tukisema tununue chombo kimoja cha wanamaji kwa ajili ya maafa, kiwe cha namna gani ili kisituvunje mgongo?

Wengi wakisikia meli ya msaada huwaza hospitali kubwa nyeupe yenye msalaba mwekundu ubavuni, kama USNS Mercy ya Marekani. Ina vitanda 1,000 na urefu wa mita 272. Ilifanya kazi nzuri baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004, lakini iliondoka San Diego mapema Januari na kufika Banda Aceh mwanzoni mwa Februari. Ukubwa wake unaifanya isubiri mbali na bandari nyingi ndogo, na mgonjwa apelekwe kwake kwa helikopta au mashua. Majeruhi wa siku ya kwanza na ya pili hawawezi kuingojea meli ya aina hiyo.

Jambo linaloamua ni hatua ya mwisho, pale shehena inapotoka majini kwenda nchi kavu. Kimbunga na tsunami vina tabia moja: huvunja gati kwanza. Kreni huanguka, mkondo wa kuingilia hujaa mchanga, maboya ya kuongozea meli hupotea. Meli ya kawaida ya mizigo, hata ikiwa imesheheni unga na mahindi, itatia nanga nje na kuangalia mji wenye njaa bila kuweza kuufikia.

Meulaboh ilikuwa hivyo. Mji huo wa pwani ya magharibi ya Sumatra ulikuwa karibu kabisa na kitovu cha tetemeko la 2004. Barabara ya pwani ilisombwa, madaraja yakaondoka, na hapakuwa na gati la kutumia. Singapore ilipeleka meli zake za daraja la Endurance. Hizi zina urefu wa mita 141, na tumboni upande wa tezi zina bwawa. Meli hujaza maji matangi yake ya farumi, tezi ikazama kiasi, bwawa likafurika, kisha mlango wa nyuma ukafunguliwa na vyombo bapa vya kutua ufukweni vikaelea na kutoka vikiwa vimekwisha kupakiwa malori, matingatinga na mifuko ya chakula. Chombo bapa hakihitaji gati. Kinakwenda moja kwa moja hadi mchangani, kinashusha mlango wake wa mbele, na lori linatoka kwa magurudumu yake. Tingatinga la kwanza kushuka husafisha ufukwe, la pili hufungua njia ya kwenda mjini. Hivyo ndivyo Meulaboh ilivyofikiwa.

INS Shardul, iliyofika Beira, hufanya kazi hiyo kwa njia nyingine ya zamani zaidi. Meli yenyewe, mita 125 na zaidi ya tani 5,000, ina omo inayofunguka. Nahodha anapokaribia ufukwe huangusha nanga ya tezi akiwa bado kwenye maji marefu, huku mbele akiwa ameifanya meli kuwa nyepesi ili pua ipande. Meli inagusa mchanga, milango inafunguliwa, magari yanashuka. Kazi ikiisha anavuta mnyororo wa ile nanga ya nyuma na meli inajikokota kurudi majini. Ufundi huu unataka mtu anayejua maji. Beira wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka mita 6 na zaidi, na mabaharia wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa maana yake: ukikaa vibaya maji yakipwa, umekwama hadi yajae tena.

Basi sharti la kwanza katika zabuni yoyote linajulikana. Meli iweze kushusha lori lililojaa, mahali pasipo na gati, bila kusaidiwa na mtu wa nchi kavu. Chombo kisichoweza hilo, hata kiwe kizuri namna gani, kiachwe.

Bei sasa. Hapa kuna nchi zilizotutangulia na zikalipa karo ya shule, tukitaka tutasoma bure.

Australia mwaka 1994 ilinunua kwa Marekani meli mbili kuukuu za kubebea vifaru kwa dola milioni 61 za Australia, ikaziita Manoora na Kanimbla. Zilionekana bei ya kutupwa. Zilipofunguliwa chelezoni, kutu ikakutwa pale isipotarajiwa, na matengenezo yakameza fedha nyingi kuliko bei ya kuzinunua. Kwa haki yake, zilipokuwa nzima zilifanya kazi Timor Mashariki na Visiwa vya Solomon. Lakini uzee hauna dawa. Februari 2011 kimbunga Yasi kiliipiga Queensland, moja ya vimbunga vikubwa katika historia ya jimbo hilo, na serikali ilipouliza ni meli gani ya kutua ufukweni iko tayari, jibu likawa hakuna. Manoora ilikuwa imefikia mwisho, Kanimbla iko kwenye matengenezo, na ya tatu, Tobruk, nayo haikuwa tayari kwa wakati. Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Stephen Smith, aliunda jopo chini ya Paul Rizzo kuchunguza namna meli zinavyotunzwa, na ripoti yake iliyotoka mwaka huohuo ilieleza miaka mingi ya kuahirisha matengenezo na kupoteza mafundi wenye ujuzi.

Wengine wangetoka hapo wakisema meli ya mtumba isiguswe tena. Australia haikusema hivyo. Mwaka huohuo wa 2011 Uingereza ilikuwa inabana matumizi, ikauza RFA Largs Bay, meli ya miaka mitano tu iliyokuwa imepeleka msaada Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010. Australia iliipata kwa pauni milioni 65, ikaiita HMAS Choules. Mwaka uliofuata transfoma moja ya mfumo wake wa umeme iliungua na meli ikakaa miezi mingi bila kazi, jambo lililowaumiza. Ilitengenezwa. Januari 2020, moto wa misituni ulipowafukuza wakazi na watalii wa mji wa Mallacoota hadi ukingo wa bahari na barabara zote zikafungwa, Choules ilitia nanga nje na kuwachukua watu zaidi ya 1,000 kwa vyombo vyake vidogo, na mbwa wao.

Tofauti ya manunuzi hayo mawili ni umri na utunzaji. India nayo ilinunua mtumba, USS Trenton, mwaka 2007, kwa takriban dola milioni 48 za Marekani. Ganda lake liliingia majini mwaka 1968. Hata hivyo chombo hicho, INS Jalashwa, ndicho kilichokwenda Malé, Maldivi, Mei 2020 na kuwarudisha Kochi Wahindi 698 waliokwama kwa sababu ya korona. India inaweza kwa sababu ina viwanja vya meli, mafundi na vipuri. Sisi tukinunua chombo cha miaka 40 tutakifunga gatini Mtongwe au Kigamboni, na baada ya miaka miwili kitakuwa mahali pa kunguru kutua. Meli ya mtumba yenye umri chini ya miaka 10, inayouzwa na nchi iliyoishiwa fedha za kuiendesha, hiyo nitakaa kuisikiliza. Kuukuu zaidi ya hapo, hapana.

New Zealand ilijaribu ujanja mwingine, na kwangu huu ndio mfano wenye mafunzo mengi kuliko yote. Ilichukua mchoro wa kivuko cha abiria na magari, Ben-my-Chree, kilichokuwa kikifanya kazi kati ya Kisiwa cha Man na Uingereza, ikaomba kiundwe kwa rangi ya kijivu kwa kazi ya jeshi. HMNZS Canterbury, mita 131, iliundwa Uholanzi na kuanza kazi Juni 2007, kwa dola milioni 177 za New Zealand. Wazo lilikuwa la maana. Kivuko tayari kina sitaha ya magari, milango mikubwa na vyumba vya watu. Kinajengwa kwa viwango vya meli za biashara, na vipuri vyake vinapatikana sokoni, si kwa kampuni moja ya silaha inayojipangia bei.

Ila mchoro wa kivuko ulikuwa wa bahari ya Ireland, na Canterbury ilitakiwa kwenda kusini kwenye mawimbi mengine kabisa. Mashua zake za uokoaji ziliwekwa kwenye vijumba vya ubavuni, karibu mno na maji. Mwezi mmoja tu baada ya kuanza kazi, wimbi liliing'oa mojawapo. Oktoba 2007 mashua nyingine ilipinduka wakati inateremshwa, na baharia mmoja kijana akafa. Uchunguzi ulifanywa, ukaonyesha kwamba haraka na ubahili wa mwanzo ulikuwa umeacha mambo ya usalama bila kupimwa vizuri. Mwaka 2010 serikali ilipata fidia ya dola milioni 84.6 kwa kasoro za mradi mzima wa meli saba uliokuwa na Canterbury ndani yake, na fedha hizo zikaingia kwenye marekebisho.

Baada ya kurekebishwa, Canterbury ilifanya kazi yake. Ilikuwa katika bandari ya Lyttelton siku tetemeko lilipoipiga Christchurch, Februari 22, 2011, na wapishi wake wakawapikia watu wa mji ule. Mwaka 2016 ilikwenda Fiji baada ya kimbunga Winston. Kisha, Novemba 14 mwaka huohuo, tetemeko likaufungia mji mdogo wa Kaikōura: milima iliporomokea barabara pande zote mbili na reli ikasukumwa hadi ufukweni. Sakafu ya bahari yenyewe iliinuka, na bandari ya boti ya South Bay ikapoteza karibu mita nzima ya kina. Fikiria nahodha mwenye ramani ya bahari ambayo imekuwa ya uongo kwa usiku mmoja. Canterbury ilikaa mbali kidogo, ikatuma vyombo vyake bapa, na watu wapatao 450, wengi wao watalii, wakapandishwa na mabegi yao. Meli yenye kina kirefu na isiyo na vyombo vidogo isingeweza kufanya chochote pale.

Funzo la Canterbury ni kwamba mchoro wa kibiashara hupunguza gharama kweli, lakini lazima mtu wa bahari yenu aukague mapema, mawimbi ya kusi yakiwa mbele ya macho yake. Kati ya Juni na Septemba mkondo wa Msumbiji hauna huruma kwa chombo kilichoundwa kwa maji tulivu.

Ufilipino ndiyo inayonivuta zaidi. Novemba 8, 2013 kimbunga Haiyan kiliiharibu Tacloban, na hesabu rasmi ikataja waliokufa 6,300. Nchi yenye visiwa zaidi ya 7,000 ilitegemea kwa kiasi kikubwa manowari za wageni kufikisha maji na dawa kwa watu wake. Miezi miwili baadaye, Januari 2014, ilitia saini mkataba wa meli mbili na PT PAL, kiwanja cha meli cha serikali ya Indonesia kilichoko Surabaya. Bei ya zote mbili ilikuwa kama dola milioni 92 za Marekani.

Asili ya mchoro huo ni Korea Kusini. Indonesia iliagiza huko meli za kwanza, na kwenye mkataba ikadai mafundi wake wajifunze. Zile mbili za mwanzo za daraja la Makassar ziliundwa Korea, mbili zilizofuata zikaundwa Surabaya kwa mikono ya Waindonesia, na miaka michache baadaye Indonesia ikawa inawauzia majirani. Peru nayo iliunda BAP Pisco ya ukoo huohuo katika kiwanja chake cha Callao. Dada mkubwa wa ukoo huo, KRI dr. Soeharso, amegeuzwa hospitali, na ndiye aliyekwenda Palu baada ya tetemeko na tsunami ya Septemba 2018.

BRP Tarlac ilianza kazi Juni 2016. Ina urefu wa mita 123, inachukua wanajeshi 500 pamoja na magari yao, ina bwawa la vyombo viwili bapa na sitaha ya helikopta. Mwendo wake wa kawaida ni fundo 13, na haizidi 16. Ilipokelewa bila mzinga mkubwa, nafasi yake ikaachwa wazi hadi fedha zitakapopatikana. Wapo waliocheka: manowari gani hiyo, polepole na bila mzinga? Mimi naona walinunua kitu walichokihitaji na wakaahirisha kisichohitajika. Dada yake, Davao del Sur, mapema mwaka 2020 ilipelekwa hadi pwani ya Oman kusubiri kuwaondoa wafanyakazi wa Kifilipino Ghuba ikichafuka. Korona ilipoingia, ikapitia India na kurudi nyumbani na shehena ya barakoa. Mwaka 2022 Ufilipino iliagiza nyingine mbili kwa kiwanja kilekile, kwa mchoro wa ukoo uleule. Mteja anayerudi dukani mwenyewe baada ya miaka minane ametoa ushahidi wa kutosha.

Kuhusu mwendo, nguvu inayotakiwa kusukuma meli hupanda takriban kwa mchemraba wa kasi yake. Kutoka fundo 13 kwenda 20 unahitaji nguvu zaidi ya mara tatu na nusu: injini kubwa zaidi, dizeli zaidi, mafundi zaidi, kila mwaka kwa miaka 30. Kwa safari za ukanda wetu unachookoa ni saa chache. Kutoka Dar es Salaam hadi Pemba ya Msumbiji kwa fundo 13 ni kama saa 30. Saa hizo hupatikana kwa urahisi zaidi kwa kuondoka mapema, maana kimbunga hutabiriwa siku kadhaa kabla, na meli iliyokwisha kupakiwa inaweza kukifuata kwa nyuma, ikafika bahari inapotulia.

Maji ya kunywa yanastahili fedha ambazo wengine wangeziweka kwenye mizinga na rada. Mlipuko wa volkano wa Hunga Tonga, Januari 15, 2022, ulimwaga majivu kwenye matangi ya maji ya mvua ya Tonga nzima. New Zealand ilituma HMNZS Aotearoa ikiwa na lita 250,000 za maji na mtambo wa kuondoa chumvi wenye uwezo wa kutoa lita 70,000 kwa siku. Beira baada ya Idai ililipukiwa na kipindupindu kwa sababu ya maji machafu. Mtambo wa namna hiyo, jenereta za ziada na mabomba marefu ya kufikisha maji nchi kavu hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya meli.

Kuna watakaosema hata Tarlac ni kubwa kwetu, tuchukue kitu kama Champlain ya Ufaransa iliyoko Réunion. Ni meli ya mita 65, imeundwa kwa viwango vya kiraia, ina mabaharia wapatao 20 tu na kreni ya tani 12. Chido kilipoipiga Mayotte, ilipakia misaada Réunion na kuipeleka, mwendo wa karibu kilomita 1,400. Kwa doria na kazi za visiwani ni chombo kizuri, na nchi moja kama Komoro au Shelisheli ingefaidika nacho. Lakini haina bwawa wala vyombo vikubwa vya kutua, kwa hiyo gati likivunjika inabanwa. Kenya inazo KNS Galana na KNS Tana, meli za kutua zilizoundwa Hispania miaka ya 1990. Zina umri wa miaka 30 hivi na swali la mrithi wao halitakawia. Hapo ndipo mlango wa mazungumzo ulipo.

Nafikiri mazungumzo hayo yawe ya ukanda. Chukua bandari ya Nacala, kaskazini mwa Msumbiji: kina chake ni cha asili, na SADC imekwisha kuichagua kwa kituo chake cha kuratibu maafa. Kwa fundo 13, kutoka Nacala hadi Moroni ni kama saa 17, Mtwara saa 20, Mahajanga siku moja, Beira siku moja na nusu. Hakuna bandari ya ukanda huu iliyo katikati ya hatari kuliko hiyo. Meli moja ikikaa hapo kuanzia Novemba hadi Aprili, msimu wa vimbunga, ikiwa imepakiwa kabisa, na helikopta ikikopwa kwa zamu na nchi wanachama, Komoro isingesubiri meli ya kupita. Miezi ya kusi iende chelezoni, kisha ifundishe makadeti na kufanya kambi za matibabu visiwani. Kabla ya kusaini lolote, upana wake upimwe dhidi ya chelezo cha Mombasa. Meli inayolazimika kwenda Asia au Ulaya kupakwa rangi itakwenda mara moja, safari ya pili itaahirishwa, na hapo kutu itaanza.

Najua kikwazo. Jeshi la nchi moja kutia mguu ufukweni mwa nchi nyingine si jambo dogo, na kwa Cabo Delgado, ambako vita vimewafukuza watu wengi makwao tangu 2017, ni jambo nyeti zaidi. Ndiyo maana mkataba wa kuingia na kutoka uandikwe sasa, hali ya hewa ikiwa shwari: nani anaita meli, nani anatoa amri, nani analipia dizeli. Kuna hofu nyingine ya kweli zaidi, kwamba meli itanunuliwa kwa jina la maafa kisha ikageuzwa kuwa ya maonyesho ya sikukuu za kitaifa. Dawa yake ni kuandika kwenye mkataba siku za utayari na kuchapisha kila mwaka ni siku ngapi meli ilikuwa tayari kweli. Australia ilijua ukweli wa meli zake siku Yasi alipofika mlangoni. Sisi tuujue kila Oktoba.

Ushauri wangu kwa mawaziri wa ulinzi na wa maafa wa nchi hizi ni huu. Agizeni meli moja ya ukoo wa Makassar na Tarlac, mpya, mita 120 hivi, yenye bwawa, vyombo viwili bapa, sitaha ya helikopta mbili na mtambo mkubwa wa maji, bila mzinga mkubwa. Mchango wa kila nchi kwa matengenezo ya miaka 10 ya kwanza uwekwe benki kabla ganda la meli halijaanza kuchomelewa. Mkishindwa kuweka fedha hizo za matengenezo, msinunue meli. Pelekeni fedha za kununulia kwenye maghala ya chakula na mahema Pemba ya Msumbiji, Mtwara na Moroni, zitaokoa watu wengi zaidi.